Namna ya Kuisoma The Crucible Darasani: Shika Daftari la Majina

Kijana anayeingia darasa la kumi na moja Marekani huenda akakutana na The Crucible, tamthilia ya Arthur Miller kuhusu kesi za uchawi za Salem. Mwalimu wa Kiingereza anagawa vitabu Jumatatu, anataka Tendo la Kwanza (Act One) liwe limesomwa kufikia Ijumaa. Kijana anafungua ukurasa wa kwanza, anakuta maelezo marefu kuhusu mchungaji mmoja asiyependwa na waumini wake, na mazungumzo bado hayajaanza. Hapo wengi hukata tamaa.

Nimekaa meza moja na vijana wetu jioni nyingi, wengine wametoka Kivu, wengine Kigoma, wengine Mombasa, tukiisoma tamthilia hii mstari kwa mstari. Ugumu wa Kiingereza upo, lakini si huo unaowaangusha. Wanaanguka kwa sababu wanatafuta wachawi humo ndani, na wachawi hawamo. Waliomo ni watu wanaotaja majina ya wenzao, na mahakama inayoyaandika.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni moja: kuyafuatilia majina. Tafuta penseli na daftari tupu. Muhtasari wa mtandaoni uache kwanza. Utakuambia nani alinyongwa, lakini hautakuonyesha jina lake lilitoka kinywani mwa nani na kwa faida gani, na maksi ziko hapo.

Hatua ya 1: Anza na jina la kitabu

Neno "crucible" kwa Kiswahili ni kalibu, chombo cha kuyeyushia madini motoni hadi takataka zijitenge. Kama umekulia kanisani umeshalisikia: Mithali 17:3 inasema kalibu ni kwa fedha na tanuru ni kwa dhahabu, lakini anayeijaribu mioyo ni Bwana. Wenzako wengi darasani watalazimika kulitafuta neno hilo kwenye kamusi. Wewe unalo tayari, pamoja na maana yake ya pili, ile ya moyo kutiwa motoni ili ijulikane umeumbwa kwa nini.

Andika kalibu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Chini yake andika swali hili, kisha lijibu upya kila unapomaliza Tendo: katika moto huu, nani anasafika na nani anageuka taka? Kwa mhusika kama Mchungaji Hale, mtaalamu anayeitwa Salem kuchunguza uchawi, jibu lako la Tendo la Kwanza na jibu lako la Tendo la Nne hayatafanana.

Hatua ya 2: Weka miaka miwili kichwani, 1692 na 1953

Massachusetts ya mwaka 1692 ilikuwa koloni la Uingereza lililojengwa na Wapuritani, Waprotestanti walioona kwamba Kanisa la Uingereza halijatakaswa vya kutosha, wakavuka bahari ili waishi kwa kufuata Biblia. Kanisa na serikali vilikuwa vimeshikana sana. Mtu asiyeonekana ibadani aliulizwa yuko wapi, na jirani alikuwa na haki ya kuuliza.

Mapema mwaka huo, katika Kijiji cha Salem, mahali panapoitwa Danvers siku hizi, Betty, binti wa Mchungaji Samuel Parris mwenye miaka 9, na Abigail Williams wa miaka 11 hivi aliyelelewa nyumba hiyo hiyo, walianza kupiga mayowe na kujikunjakunja. Ikasemwa wamerogwa. Wakaulizwa: nani anawatesa? Majina yakaanza kutoka. Gavana William Phips akaunda mahakama maalumu, na tarehe 10 Juni Bridget Bishop akawa wa kwanza kunyongwa. Hadi Septemba inakwisha watu 19 walikuwa wamenyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey alikuwa ameuawa kwa kurundikiwa mawe kifuani. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Walioshtakiwa kwa jumla walizidi 150.

Hakuna hata mmoja aliyechomwa moto. Sheria ya Kiingereza ilinyonga. Kosa hili naliona kila mwaka kwenye insha, na msahihishaji akiliona anajua kwamba mwandishi amekisia.

Kitu cha kuelewa vizuri zaidi katika historia hii ni aina ya ushahidi uliopokelewa. Msichana alisema mzuka wako umemjia usiku ukamkaba koo. Wewe ulikuwa umelala nyumbani, mumeo yuko kando yako, majirani wamekuona. Haikusaidia kitu, kwa sababu hukushtakiwa kwa alichofanya mwili wako, ulishtakiwa kwa alichofanya mzuka wako. Utajitetea vipi? Kwa upande mwingine, waliokiri na kushikilia kukiri kwao hawakunyongwa. Anayesema "ndiyo, ni mchawi" anapona, anayesema "si kweli" anakufa. Isome sentensi hiyo mara mbili, maana tamthilia nzima imesimama juu yake. Mwezi Oktoba mhubiri mkubwa Increase Mather aliandika kwamba ni afadhali watuhumiwa kumi wa uchawi waponyoke kuliko mtu mmoja asiye na hatia ahukumiwe. Mwezi huo huo gavana akaivunja mahakama.

Sasa ruka hadi New York, tarehe 22 Januari 1953, siku tamthilia ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza. Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya Ukomunisti. Seneta Joseph McCarthy alikuwa akidai tangu Februari 1950 kwamba serikali imejaa wasaliti, na kamati ya bunge ilikuwa ikiwaita waandishi, waigizaji na waongozaji wa filamu na kuwataka wawataje wenzao waliowahi kuhudhuria mikutano ya Wakomunisti. Aliyetaja alirudi kazini. Aliyekataa alipoteza kazi, na wengine walifungwa. Mwaka 1952 Elia Kazan, mwongozaji aliyekuwa rafiki wa Miller, aliwataja wenzake. Mwaka huo huo Miller alikwenda Salem kusoma kumbukumbu za mahakama.

Mwaka 1956 Miller mwenyewe aliitwa mbele ya kamati hiyo. Alikubali kueleza mambo yake, akakataa kutaja jina la mtu mwingine. Mwaka 1957 alitiwa hatiani kwa kulidharau bunge, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Angalia tarehe hizo. Alimwandikia John Proctor, mkulima ambaye ndiye mhusika mkuu wa tamthilia, jibu hilo la kukataa miaka mitatu kabla hajatakiwa kulitoa yeye mwenyewe.

Hatua ya 3: Chora daftari la majina

Hii ndiyo kazi kubwa, usiiharakishe. Gawa ukurasa kwa safu nne: aliyetaja, aliyetajwa, mtajaji anapata nini, na mwisho wa aliyetajwa. Kila jina la mtu likitamkwa kwa shutuma, simamisha kusoma, andika.

Chukua mwisho wa Tendo la Kwanza kama mazoezi. Tituba, mtumwa aliyeletwa kutoka Barbados, amesimama katikati ya wanaume wenye hasira. Parris anatishia kumchapa mpaka afe. Thomas Putnam, tajiri mwenye ardhi, anasema anyongwe. Kisha Putnam huyo huyo anamuuliza kama alimwona Sarah Good pamoja na Shetani, au labda Osburn. Tituba bado hajamtaja mtu. Muda si muda anawataja hao hao wawili.

Wanafunzi wengi huandika "Tituba amewataja Good na Osburn" wakaendelea. Rudi nyuma. Majina yaliletwa na Putnam, Tituba akawekewa mdomoni. Putnam anapata nini? Mkewe amezika watoto saba wachanga na anatafuta wa kulaumiwa, na mara tu Osburn anapotajwa, mama huyo anapaza sauti kwamba Osburn alikuwa mkunga wake mara tatu. Na Tituba anapata nini? Vitisho vya kamba vinakoma, Hale anaanza kumwita kwa upole. Abigail yuko pembeni, anatazama jinsi mlango wa wokovu ulivyofunguka kwa jina la mtu mwingine, naye anaanza kupiga kelele za majina yake. Betty anafuata. Yote haya katika kurasa mbili tatu tu, na kama daftari lako halina angalau mistari mitano hapo, soma tena.

Ukiendelea hivyo hadi mwisho utaona safu ya tatu inazungumza. Ardhi. Mbao za msitu wenye mgogoro. Mume wa mwenzako. Kinyongo cha mtu aliyefukuzwa kazi, kwa kuwa Elizabeth Proctor, mke wa John, alimwondoa Abigail nyumbani kwake miezi saba kabla. Hofu ya kuchapwa. Hata siku moja hutaandika humo "kwa sababu aliona uchawi."

Hatua ya 4: Zoea lugha yake

Kiingereza cha wahusika hawa si cha mtaani leo, na tena si Kiingereza halisi cha mwaka 1692. Miller alikitengeneza akisikiliza kumbukumbu za mahakama. Ukikuta "it were" au "there be" mahali ulipofundishwa kuandika "it was" na "there are", elewa ni mtindo wa kale, na usiuige kwenye insha yako.

Maneno machache yanarudi sana. "Goody" ni kifupi cha "Goodwife", jina la heshima kwa mke wa mtu, kama sisi tunavyosema Mama fulani. Halina uhusiano na pipi, wala halimaanishi kwamba mama huyo ni mwema. "Poppet" ni mwanasesere, na wasomaji wengi huisoma kama "puppet" wakachanganyikiwa Tendo la Pili lote. "Deposition" ni maelezo ya maandishi yanayotolewa kwa kiapo. "Lechery" ni uasherati. "To cry out" juu ya mtu ni kumtaja hadharani kuwa mchawi.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: someni wawili kwa sauti, kila mmoja mhusika wake, na mwisho wa kila ukurasa mmoja aseme kwa Kiswahili kilichotokea, kwa sentensi mbili. Si kutafsiri. Kusimulia, kama unavyomweleza ndugu aliyechelewa kufika. Ukishindwa kusimulia, ukurasa haukueleweka, rudia.

Zile aya ndefu ambamo Miller anazungumza yeye mwenyewe kuhusu Parris, Putnam, Proctor na Hale, zimo zaidi katika Tendo la Kwanza. Mara ya kwanza ziruke, soma mazungumzo tu. Mara ya pili zisome, kwa sababu humo mwandishi anaeleza waziwazi migogoro ya mashamba na madaraka, na mwalimu akiuliza mtazamo wa mwandishi, umekaa humo.

Hatua ya 5: Katika kila Tendo, simama mahali pamoja

Huwezi kuchambua kila kitu. Chagua tukio moja kwa kila Tendo na ulijue kama kiganja chako. Haya ndiyo ninayoyapendekeza mimi.

Tendo la Kwanza, tukio la Tituba nililolieleza.

Tendo la Pili, chumvi. Proctor anaingia nyumbani kutoka shambani, anaonja mchuzi chunguni, haumridhishi, anaongeza chumvi kimyakimya. Baadaye wakila anamsifu mkewe kwa kuukoleza vizuri. Hakuna anayemweleza mtazamaji kwamba ndoa hii imeingia baridi. Yamo katika maelekezo ya jukwaa na punje za chumvi. Mume anajitahidi kupendeza kwa uongo mdogo, ndani ya tamthilia ambayo uongo utaua watu. Ukimweleza mwalimu jambo hilo, atakuuliza umelipata wapi. Muda mfupi baadaye Hale anamtaka Proctor ataje Amri Kumi. Anataja tisa. Ile ya uzinzi inamtoka, na mkewe ndiye anayemkumbusha. Kwa Kiswahili tungesema ulimi umemsaliti, ila hapa umemsaliti kwa kunyamaza.

Tendo la Tatu lina mambo mawili na sikuweza kuacha hata moja. La kwanza ni orodha ya Francis Nurse. Mzee huyu amezunguka kwa majirani wenye mashamba, wacha Mungu, akakusanya sahihi 91 za watu wanaomshuhudia mkewe Rebecca, pamoja na Elizabeth na Martha Corey, mke wa Giles, kuwa ni wanawake wema. Naibu Gavana Danforth anaagiza watu wote 91 wakamatwe wahojiwe. Francis anavunjika moyo, kwa sababu aliwaahidi hakuna madhara yatakayowapata. Orodha ya wema imegeuzwa kuwa orodha ya washukiwa ndani ya dakika moja. Katika daftari lako, andika jina la Francis kwenye safu ya kwanza, ingawa yeye hakumshutumu mtu. Mahakama ya namna hii inageuza hata sifa kuwa shutuma.

La pili ni uongo wa Elizabeth. Proctor amekiri mbele ya majaji kwamba alizini na Abigail, na amesema mkewe hajawahi kusema uongo maishani. Elizabeth anaitwa, hajui mumewe amekwisha kukiri, anaulizwa. Anadanganya ili kumlinda. Uongo huo mmoja, uliotoka kwenye upendo, unamwangamiza mumewe. Waliosoma fasihi ya Kiswahili Kenya wanalijua jina la jambo hili, kinaya, na wamefundishwa kulieleza: wasomaji wanajua, mhusika hajui. Maarifa hayo ni yale yale kwa Kiingereza, yatumie.

Tendo la Nne, karatasi. Proctor amekubali kukiri uongo ili aishi, awaone wanawe. Danforth anataka awataje wengine. Anakataa. Anatakiwa atie sahihi. Anatia, kisha anaing'ang'ania karatasi isitundikwe mlangoni pa kanisa, na mwisho anaichana. Anaulizwa sababu, anajibu kwamba ni jina lake, na hawezi kupata jingine. Sasa fungua daftari. Kwenye mstari huu safu ya kwanza ina jina la Proctor, na safu ya pili iko tupu. Wapo wengine wachache wenye safu hiyo tupu: Giles Corey aliyekataa kumtaja aliyempa habari za Putnam, na Rebecca Nurse. Wote watatu wanakufa. Walioijaza wengi wako hai.

Hatua ya 6: Angalia sahihi

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayowatoa vijana kwenye insha ya wastani. Kwetu mchawi ni mtu anayedhuru wenzake kwa nguvu za siri, na tunamtofautisha na mganga. Wapuritani hawakuwa na tofauti hiyo. Kwao uchawi ulikuwa mkataba: mtu ameandika jina lake katika kitabu cha Shetani. Ukishajua hilo, tazama ni nani wanaotia sahihi katika tamthilia. Danforth anajivunia kwamba watu karibu 400 wako magerezani na 72 wamehukumiwa kunyongwa kwa sahihi yake. Hale anaungama kwamba mkono wake umetia sahihi hati za vifo. Majirani 91 walitia sahihi kwa wema. Kisha Proctor anawekewa karatasi mbele yake. Mahakama inayosaka walioweka jina katika kitabu cha Shetani imegeuka kuwa yenyewe ndiyo yenye kitabu. Mimi naiamini sana tafsiri hii, lakini usiikopi kutoka kwangu. Ithibitishe kwa mistari utakayoitafuta mwenyewe.

Hatua ya 7: Tenganisha historia na jukwaa

Miller mwenyewe aliandika mwanzoni mwa kitabu kwamba hakufuata historia kama mwanahistoria. Aliunganisha wahusika, akapunguza idadi ya wasichana, akamwongezea Abigail umri. Katika tamthilia ana miaka 17. Kwenye kumbukumbu ni mtoto wa miaka 11 au 12. Proctor wa jukwaani ni mkulima wa miaka thelathini na kitu. Proctor wa kweli alikuwa na miaka kama 60 na aliendesha pia nyumba ya vinywaji. Mapenzi kati ya hao wawili ni ya kubuniwa. Tituba anaitwa Mnegro na Miller, ilhali hati za mahakama zinamwita Mhindi, kwa maana ya watu asilia wa Amerika. Watu 72 wa Danforth ni wa tamthilia. Walionyongwa kweli ni wale 19. Ukiandika insha ya fasihi tumia hesabu za tamthilia, ukiandika ya historia tumia za historia. Usizichanganye katika aya moja bila kusema.

Hatua ya 8: Neno uchawi na wewe

Kuna siku mwalimu atauliza darasani kama mambo haya bado yanatokea duniani, na macho yatakugeukia. Huna deni la kujibu. Ukitaka kujibu, una la kusema zaidi ya mtu yeyote chumbani humo, maana Usukumani bibi vizee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, yaliyoumizwa na moshi wa jikoni miaka mingi, yakachukuliwa kuwa ushahidi. Hiyo ni Salem kwa namna yake: alama isiyohusiana na kosa inafanywa kuwa kosa.

Vijana wengine wananiambia kwa sauti ya chini kwamba wao wanaamini uchawi upo, na wanaogopa kuchekwa. Hawana haja ya kubishana juu ya hilo. Rebecca Nurse na Hale wote waliamini Shetani yupo. Swali la tamthilia ni jingine: kama ubaya upo, utatumia ushahidi gani kabla ya kumtia mtu kamba shingoni? Jibu swali hilo, na imani yako itabaki kuwa yako. Katika insha, mfano wa nyumbani uwe sentensi mbili au tatu, isipokuwa swali limeuomba.

Hatua ya 9: Andika insha

Tuseme umepewa swali la kawaida kabisa: je, John Proctor ni shujaa? Usianze kuandika Kiingereza. Andika dai lako kwa Kiswahili kwanza, sentensi moja, mpaka ikuridhishe. Kwa mfano: Proctor si shujaa kwa kuwa hana dhambi, ni shujaa kwa kuwa anakataa kununua uhai wake kwa majina ya wengine. Sentensi kama hiyo inaweza kupingwa, na dai linaloweza kupingwa ndilo dai. Ukiandika kwamba Proctor ni mtu jasiri, umesema jambo ambalo hakuna atakayebisha, na huna cha kuthibitisha.

Kisha fungua daftari la majina na uchague mistari mitatu inayobeba dai hilo. Kila mstari utakuwa aya. Katika kila aya sema nani anazungumza, anamwambia nani, wakati gani, ule muktadha wa dondoo tuliofundishwa na walimu wetu wa Kiswahili. Nukuu maneno machache, sita hadi kumi, si hotuba nzima. Kisha tumia sentensi nyingi kuliko nukuu kueleza neno fulani lina kazi gani. Wengi huweka nukuu na kuondoka, kana kwamba inajieleza. Haijielezi.

Weka na aya moja ya upande wa pili. Proctor alinyamaza muda mrefu ingawa Abigail alimwambia kwamba mambo ya msituni, pale wasichana walipocheza usiku pamoja na Tituba, hayakuwa uchawi, na alinyamaza kwa kulinda heshima yake. Jina lile lile analolifia ndilo lililomchelewesha. Aya hii ni ngumu kuiandika na ndiyo itakayomfanya mwalimu akusome kwa makini. Kama darasa linazungumzia tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa maangamizi ya mhusika mkuu, ongeza kwamba mwaka 1949 Miller aliandika makala akidai mtu wa kawaida anafaa kuwa mhusika mkuu wa tanzia sawa na mfalme. Mkulima anayekufa kwa ajili ya jina ni mfano wa dai hilo.

Filamu ya mwaka 1996 ipo, na Miller mwenyewe ndiye aliyeandika hati yake. Itazame baada ya kumaliza kusoma. Inaonyesha msitu waziwazi mwanzoni, jambo ambalo katika kitabu tunasimuliwa tu, na aliyeitazama bila kusoma hujulikana kwa hilo.

Hatua ya 10: Ukiombwa mradi

Walimu wengi hufunga somo hili kwa mradi wa utafiti. Chagua mtu mmoja wa kweli, jina moja. Kumbukumbu za kesi zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Virginia na zinasomwa bure: mahojiano, hati za kukamatwa, maombi ya huruma. Kiingereza chake kina tahajia ya ajabu, soma kwa sauti utaelewa.

Ukitaka mfano wa kazi ya namna hiyo ilivyofika mbali, tafuta habari za Elizabeth Johnson Mdogo (kwa Kiingereza, Elizabeth Johnson Jr.). Alihukumiwa kifo mwaka 1693 akiwa na miaka 22, gavana akamnusuru, lakini jina lake likaachwa kila Massachusetts ilipowasafisha wengine. Mwalimu mmoja na wanafunzi wake wa darasa la nane walilichukua, wakasoma hati, wakawaandikia wabunge. Julai 2022 likasafishwa kisheria. Mwombe mwalimu ruhusa ya kuanza na mtu huyo, kisha uende kwenye hati za mwaka 1692, utafute kwenye mahojiano yake ni nani aliyemtaja kwanza.